Kigawanyo cha Jibu Zima: Jinsi Upolarishaji wa Mwale wa Elektroni Unavyopimwa

Ninaposoma ripoti ya jaribio la fizikia ya chembe, mara nyingi huanza na jedwali la makosa ya kipimo kabla sijatazama matokeo yenyewe. Katika majaribio yanayotumia mwale wa elektroni uliopolarishwa, jedwali hilo huwa na mstari mmoja unaohusu upolarishaji wa mwale, na huo ndio ninaoutafuta kwanza. Makosa ya kitakwimu hupungua kadiri data zinavyoongezeka. Jaribio likiachwa liendelee kwa miezi, mabadiliko ya kibahati hujisawazisha yenyewe. Upolarishaji hauna huruma hiyo. Ni kigawanyo cha jibu zima, na ukikosewa kwa asilimia moja, jibu lote limekosewa kwa asilimia moja, hata kama matukio yaliyohesabiwa ni matrilioni.

Maana yake si ngumu kueleza. Spini ya elektroni, yaani mzunguko wake wa asili wenye mwelekeo, ikipimwa kwenye mhimili wowote uliochaguliwa, hutoa majibu mawili tu: kuelekea upande ule au kinyume chake. Huchukuliwa idadi ya elektroni zilizoelekea upande mmoja, ikatolewa idadi ya zilizoelekea upande wa pili, kisha tofauti hiyo ikagawanywa kwa jumla yake. Mwale ambao pande zote mbili zina idadi sawa una upolarishaji wa sifuri. Ule ambao elektroni zote zimeelekea upande mmoja una asilimia mia. Kwa hiyo mwale wa asilimia 90 una elektroni 95 katika kila 100 zilizokaa zinavyotakiwa, na 5 zilizokaidi.

Umuhimu wa hesabu hii unatokana na tabia ya kani dhaifu, mojawapo ya kani nne za msingi za asili. Kani ya sumakuumeme haibagui kati ya elektroni ambayo spini yake inafuata mwendo wake na ile ambayo spini yake inaupinga. Kani dhaifu hubagua. Mtafiti akiupeleka mwale kwenye shabaha, akahesabu elektroni zilizotawanyika, akageuza spini na kuhesabu tena, tofauti ndogo kati ya hesabu hizo mbili ndiyo alama ya kani dhaifu. Tofauti hiyo ikigawanywa kwa jumla ya hesabu zote mbili huitwa asimetria. Lakini kwa kuwa mwale haujapolarishwa kikamilifu, asimetria inayoonekana maabara ni ile ya kweli ikiwa imezidishwa kwa upolarishaji. Ili kuipata ya kweli, lazima igawanywe, na hapo ndipo namba yetu inapoingia.

Mwaka 1978 kundi lililoongozwa na Charles Prescott kwenye maabara ya SLAC, Marekani, lilionyesha kwa njia hii kwamba elektroni zinapotawanywa na deuteri (haidrojeni nzito) hukiuka ulinganifu wa kioo. Asimetria yao ilikuwa ya kiwango cha sehemu moja kwa elfu kumi, na mwale wao ulikuwa na upolarishaji wa asilimia 37 hivi. Lilikuwa jaribio kubwa, na lilichangia sana kuikubalisha nadharia inayounganisha kani dhaifu na ya sumakuumeme, ya Glashow, Weinberg na Salam, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata. Hata hivyo, swali la wakati ule lilikuwa kama tofauti ipo au haipo na, ikiwepo, kama inakaribiana na utabiri. Kosa la asilimia chache kwenye upolarishaji halikuweza kubadilisha hukumu.

Hali ya sasa ni nyingine kabisa. Jaribio la Qweak, lililofanyika kwenye maabara ya Jefferson Lab katika jimbo la Virginia na kutangaza matokeo yake kamili mwaka 2018, lilipima asimetria ya elektroni zinazotawanywa na protoni na kupata sehemu hasi 226.5 kwa bilioni, kosa lake likiwa 9.3. Hapa hakuna anayeuliza kama kani dhaifu ipo. Kinachotafutwa ni mkengeuko mdogo kutoka kwenye utabiri, ambao ungeashiria chembe au kani isiyojulikana bado. Katika utafutaji wa aina hii, upolarishaji uliokadiriwa vibaya unaweza kuzaa ugunduzi wa uongo au kuufunika ugunduzi wa kweli, na hakuna kitu ndani ya data za jaribio lenyewe kitakachokuonya.

Kabla ya kufika kwenye upimaji, ni vizuri kuona namba hiyo inatoka wapi. Elektroni hizi huzalishwa kwa kuipiga fuwele ya galiamu asenaidi kwa mwanga wa leza uliopolarishwa kiduara, yaani ambao uga wake huzunguka unaposafiri. Fotoni (chembe ya mwanga) humkabidhi elektroni mzunguko wake, na uso wa fuwele, uliopakwa tabaka jembamba la sesiamu pamoja na kioksidishaji, humruhusu elektroni huyo atoke kwenye ombwe. Njia hii ilionyeshwa na Daniel Pierce na Felix Meier kule Zürich katikati ya miaka ya 1970. Katika fuwele ya kawaida, mwanga ule ule huchochea mipito miwili kwa wakati mmoja, mmoja ukitoa elektroni za spini inayotakiwa na mwingine za spini iliyo kinyume, kwa uwiano wa tatu kwa moja. Ukifanya hesabu, tatu toa moja, gawa kwa nne, unapata nusu. Asilimia 50 ndiyo dari, na kiutendaji mtu hupata chini ya hapo.

Dari hiyo ilivunjwa miaka ya 1990 kwa ujanja ambao bado naustaajabia. Fuwele ilikuzwa juu ya fuwele nyingine yenye nafasi tofauti kidogo kati ya atomu, ikalazimika kukaa kwa mkazo, na mkazo huo ukaitenganisha mipito miwili kinishati. Baada ya hapo leza yenye rangi iliyochaguliwa kwa uangalifu iliweza kuchochea mpito mmoja na kuuacha mwingine. Kwa kupanga tabaka nyingi nyembamba za namna hiyo, vyanzo vya leo hufikia asilimia 85 hadi 90. Na kwa sababu mwelekeo wa spini unatokana na mwelekeo wa mzunguko wa mwanga, spini hugeuzwa kwa kubadilisha volti kwenye fuwele maalumu iliyo katika njia ya leza. Qweak iligeuza hivyo mara 960 kwa sekunde.

Nadharia inaweza kukuambia kwamba fuwele fulani inafaa kutoa karibu asilimia 90, lakini haiwezi kukuambia kama leo ni 88.2 au 89.1. Uso wa kathodi, yaani ile fuwele inayotoa elektroni, huchakaa kwa kupigwa na ioni zinazorudi nyuma kutoka kwenye mabaki ya gesi. Leza huhamishiwa sehemu mpya ya fuwele. Sesiamu hupakwa upya. Na kila tukio la namna hiyo linaweza kuusogeza upolarishaji kidogo. Kuna pia safari yenyewe. Elektroni inapopindwa na sumaku, spini yake hupinda zaidi kuliko mwendo wake, kwa kiasi kinachoongezeka kadiri nishati inavyoongezeka. Kanuni iliyoandikwa na Bargmann, Michel na Telegdi mwaka 1959 inasema kwamba kwa kila GeV 0.44 ya nishati (GeV ni elektronivolti bilioni moja), spini huuzunguka mwelekeo wa mwendo mara moja kamili kwa kila duara moja la njia. Elektroni ya GeV 11 ikipindwa duara zima, basi, spini yake imezunguka karibu mara 25. Mwale unaotoka kwenye chanzo spini zikiwa zimeelekezwa vizuri unaweza kufika kwenye shabaha spini zikiwa zimelala ubavu, ikiwa nishati haikuhesabiwa sawasawa. Ndiyo maana kipimo cha kwenye chanzo peke yake hakitoshi.

Kwa ujumla kuna njia tatu za kupima, na zote zina mantiki moja: mpeleke elektroni kwenye mtawanyiko ambao utegemezi wake kwa spini unajulikana tayari, pima asimetria, kisha gawanya. Tatizo limehamishwa tu, kwa sababu sasa inabidi ujue kwa usahihi nguvu ya uchanganuzi ya mtawanyiko huo, yaani asimetria ambayo mwale wa asilimia mia ungeitoa. Ni sawa na kupima mzigo kwa mizani ambayo jiwe lake lenyewe linahitaji kupimwa.

Njia ya Mott ndiyo kongwe. Nevill Mott alitabiri mwaka 1929 kwamba elektroni anapopita karibu sana na kiini kizito, mwendo wake kwenye uga wa umeme wa kiini huathiri spini yake, na hivyo idadi ya elektroni zinazotawanyika kushoto hutofautiana na zile za kulia pale spini inapokuwa imesimama wima dhidi ya mwendo. Hufanya kazi vizuri kwenye nishati ndogo, MeV chache tu (MeV ni sehemu ya elfu ya GeV), karibu na chanzo. Shabaha ni utando wa dhahabu. Shida yake ni kwamba elektroni anaweza kutawanyika zaidi ya mara moja ndani ya utando, na hapo asimetria hupungua. Hivyo hupimwa tando za unene mbalimbali, halafu mstari huvutwa hadi kwenye unene wa sifuri, ambako hakuna utando wowote lakini ndiko nadharia inakotumika bila kikwazo. Polarimita (kifaa cha kupima upolarishaji) ya MeV 5 ya Jefferson Lab imefikishwa kwa njia hii kwenye kosa la jumla la karibu asilimia 0.6.

Njia ya Møller inastahili muda zaidi. Hapa elektroni wa mwale humgonga elektroni mwingine ndani ya utando wa chuma uliotiwa usumaku. Fizikia ya mgongano wenyewe ni safi: elektroni kwa elektroni, inayokokotolewa kwa nadharia ya kwanta ya sumakuumeme bila kuhitaji kujua chochote kuhusu muundo wa kiini. Elektroni wawili wanapogawana nishati sawasawa, nguvu ya uchanganuzi hufikia kilele cha saba kwa tisa. Wote wawili hunaswa kwa pamoja na vigunduzi viwili, na sharti hilo la kuwanasa pamoja huondoa karibu takataka zote zinazotoka kwenye viini vya chuma. Ungedhani kazi imekwisha.

Ugumu umejificha ndani ya chuma. Atomu ya chuma ina elektroni 26, na ni takriban mbili tu zinazoshiriki kwenye usumaku. Upolarishaji wa shabaha, hata chuma kikiwa kimeshiba usumaku, ni karibu asilimia 8. Kuijua hiyo asilimia 8 kwa usahihi ni kazi yenyewe. Usumaku wa chuma unaweza kupimwa, lakini sehemu yake ndogo hutokana na mwendo wa elektroni kuzunguka kiini na si spini, na sehemu hiyo lazima iondolewe kwa kutumia vipimo vya aina nyingine. Zamani tando ziliwekwa mshazari na kutiwa usumaku kwa uga mdogo kufuata ubapa wao, na hapo kiwango cha kushiba kilikuwa na shaka ya asilimia kadhaa. Suluhisho lililokuja baadaye lilikuwa la nguvu: utando husimamishwa wima dhidi ya mwale na kuzungushiwa sumaku ya kipitishi kikuu yenye tesla 3 au 4, kiasi kwamba chuma hakina budi kushiba. Hilo lilishusha kosa la shabaha hadi kwenye sehemu ya tatu au ya nne ya asilimia moja.

Kisha kuna jambo ambalo lilipita bila kutiliwa maanani kwa miaka mingi. Mwaka 1994 L. G. Levchuk alionyesha kwamba elektroni za shabaha hazijatulia. Zile za matabaka ya ndani ya atomu, zilizoshikwa kwa nguvu na kiini, zina mwendo mkubwa, na mwendo huo hutawanya pembe za elektroni zinazotoka kwenye mgongano. Elektroni za matabaka ya ndani hazina upolarishaji. Zilizo na upolarishaji ziko nje na zina mwendo mdogo. Kigunduzi chenye dirisha jembamba, kwa hiyo, huwanasa zaidi wale waliogongana na elektroni za nje, na asimetria huonekana kubwa kuliko inavyostahili. Kulingana na umbo la kifaa, kosa linaweza kuwa la asilimia chache au hata kupita kumi. Nadhani hiki ndicho kisa kinachofundisha zaidi katika historia nzima ya upimaji huu, kwa sababu fizikia iliyohusika haikuwa mpya hata kidogo. Kila mmoja alijua kwamba elektroni za ndani ya atomu zina mwendo. Lakini ukilinganisha mwendo huo na nishati ya mwale wa GeV kadhaa, akili hukataa kuamini kwamba unaweza kuleta tofauti yoyote.

Udhaifu mwingine wa Møller ni wa kiutendaji. Utando huukatiza mwale, kwa hiyo jaribio lazima lisimamishwe wakati wa kupima, na chuma kikipata joto usumaku wake hushuka, kwa hiyo mkondo lazima ushushwe hadi mikroampea chache. Qweak yenyewe iliendeshwa kwa mikroampea zipatazo 180. Mtu anayetegemea Møller peke yake anadhania kwamba upolarishaji wa mkondo mdogo ni ule ule wa mkondo mkubwa, na wa Jumanne asubuhi ni ule ule wa Alhamisi usiku. Huenda ni kweli. Lakini dhana hizo ni sehemu ya kipimo, na zinapaswa kuthibitishwa.

Njia ya Compton huziondoa dhana hizo zote mbili, na ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine. Mwale wa elektroni hukutanishwa uso kwa uso na mwanga wa leza uliopolarishwa kiduara. Fotoni chache mno hugongwa na kurushwa nyuma zikiwa na nishati iliyoongezwa mara mamilioni. Sehemu kubwa ya mwale huendelea na safari yake hadi kwenye shabaha ya jaribio bila kudhurika. Kipimo kinaweza kuendelea saa zote, kwa mkondo ule ule wa jaribio. Shabaha ni fotoni, haina matabaka ya ndani, haipati joto, na upolarishaji wake unaweza kukaribia asilimia mia.

Gharama yake ni kwamba nguvu ya uchanganuzi hubadilika sana kulingana na nishati. Kwenye kichapuzi cha SLC huko SLAC, elektroni za GeV 45.6 zilikutanishwa na leza ya kijani ya nanomita 532, na kwenye ukingo wa mwisho wa nishati, elektroni iliyopoteza nishati nyingi kuliko zote ilibaki na GeV zipatazo 17.4, huku asimetria ikifika karibu 0.75. Hiyo ni zawadi. Kwenye mwale wa Qweak, wa GeV 1.16, leza ya rangi ile ile hutoa fotoni zisizozidi MeV 46 hivi, na asimetria kubwa kabisa ni karibu asilimia nne. Ishara imekuwa ndogo mara kumi na tisa hivi. Ili kupata matukio ya kutosha, leza hunaswa kati ya vioo viwili vinavyoakisi kwa ukamilifu wa hali ya juu, na mwanga hurudi huku na huko hadi nguvu iliyomo katikati kufikia kilowati kadhaa.

Kuna kitu kizuri kuhusu umbo la asimetria ya Compton ambacho hurahisisha kazi: huanza na alama moja, hupita sifuri, kisha hugeuka alama hadi kwenye ukingo. Mahali pa sifuri na mahali pa ukingo hutabiriwa na kinematiki peke yake, yaani hesabu za nishati na mwendo. Kigunduzi cha elektroni kilichogawanywa vipande vyembamba hupata, kwa hiyo, alama mbili za kujipimia ndani ya data zenyewe. Qweak ilitumia vigunduzi vya almasi ya kutengenezwa vilivyochongwa kwa vipande 96 katika kila bapa, kwa sababu almasi huvumilia mnururisho kuliko silikoni, na kosa la kimfumo lilishuka chini ya asilimia 0.6.

Mwanga nao ulileta mtego wake. Mwanga huingia kati ya vioo ukipitia dirisha la ombwe, na kioo cha dirisha, kikibanwa na mkazo wa hewa upande mmoja na ombwe upande mwingine, huharibu kidogo upolarishaji wa kiduara. Ukipima mwanga nje ya dirisha hujui ulivyo ndani. Ukilifungua dirisha ili upime ndani, mkazo umeondoka na hali si ile tena. Jibu lililopatikana ni la werevu: mwanga unaoakisiwa na kioo cha kwanza hurudi kwa njia ile ile uliyoingilia, na kanuni ya kurudishwa kwa mwanga inahakikisha kwamba ukiwa wa kiduara kamili pale kwenye kioo, utarudi hadi kwenye chujio la mwanzo ukiwa umegeuzwa kiasi cha kuzuiwa wote. Mafundi hurekebisha mwanga hadi kinachorudi kiwe kidogo kabisa. Hali ya ndani husomwa kutoka nje bila kugusa chochote, na upolarishaji wa leza hujulikana kwa usahihi wa sehemu moja au mbili za kumi za asilimia moja.

Thamani ya kazi hii yote huonekana vizuri zaidi kwenye mgogoro ambao haujamalizika. Kigunduzi cha SLD pale SLC kilikusanya chembe Z, zinazobeba kani dhaifu, zipatazo laki tano na nusu, huku majaribio manne ya kichapuzi cha pete cha LEP kwenye maabara ya CERN huko Ulaya yakikusanya takriban milioni 17. Pamoja na uchache huo, SLD ilitoa kipimo kimoja bora kuliko vyote vya mraba wa saini ya pembe ya mchanganyiko wa kani dhaifu (namba inayoonyesha jinsi kani hiyo inavyochanganyika na ya sumakuumeme), 0.23098 na kosa la 0.00026, kwa sababu ilikuwa na mwale uliopolarishwa, na polarimita yake ya Compton ilifikia kosa la asilimia 0.5. LEP, kupitia kwenye kwaki za botomu (aina ya chembe ambazo Z huvunjikia), ilipata 0.23221 na kosa la 0.00029. Namba hizo zimeachana kwa zaidi ya mara tatu ya kosa la pamoja, na wastani wa dunia nzima hukaa katikati ya vipimo viwili ambavyo havipatani.

Wengi, nami nikiwemo nilipokisoma kisa hiki kwa mara ya kwanza, hukimbilia kuitilia shaka polarimita, maana ndiyo kifaa kilichobeba uzito wote upande wa SLD. Jinsi kundi hilo lilivyojikagua inapaswa kusomwa na kila anayeanza kazi hii. Mbali na kigunduzi kikuu cha elektroni, waliweka vigunduzi viwili zaidi vilivyopima fotoni za Compton kwa mbinu nyingine, na vyote vikakubaliana. Wakajiuliza pia kama mwale wa positroni (antichembe za elektroni), uliodhaniwa hauna upolarishaji, kweli hauna. Wakaupeleka kwenye polarimita ya Møller katika ukumbi mwingine na kukuta ni sifuri kwa usahihi ulio bora kuliko sehemu moja kwa elfu. Ili tofauti na LEP ielezwe na upolarishaji peke yake, kosa la SLD lingepaswa kuwa kubwa mara kadhaa kuliko lilivyotangazwa, na ukaguzi wote huo haukuacha nafasi ya kulificha. Siamini kwamba tatizo liko kwenye polarimita. Lakini naamini kwa sababu ya ukaguzi ule, si kwa sababu ya kosa lililoandikwa kwenye jedwali.

LEP nayo ilitumia upolarishaji, kwa njia iliyo kinyume kabisa na hii. Elektroni zinazozunguka kwenye pete kwa muda mrefu hujipolarisha zenyewe polepole kwa kutoa mnururisho, jambo lililoelezwa na Sokolov na Ternov. Pale LEP upolarishaji huo ulipopatikana, hata ukiwa asilimia chache tu, ulivurugwa kwa makusudi na uga mdogo unaotikisika, na kasi ya mtikisiko iliyoufanya upolarishaji utoweke ndiyo iliyoonyesha nishati ya mwale. Hakuna aliyehitaji kujua kama ni asilimia 8 au 9. Kilichotakiwa ni kuuona ukifa. Usahihi wa nishati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mvuto wa mwezi, unaoirefusha na kuifupisha pete ya kilomita 27 kwa takriban milimita moja, ulionekana wazi kwenye data, na hata mkondo wa umeme uliovuja kutoka kwenye reli za treni za jirani. Ni nadra kukuta njia mbili za kutumia kitu kimoja, moja isiyojali ukubwa wake hata kidogo na nyingine isiyojali kitu kingine chochote.

Mwaka 2000 watafiti wa Jefferson Lab walifanya jambo ambalo lingepaswa kuwa kawaida kila mahali. Walizitumia polarimita tano za maabara hiyo, moja ya Mott, tatu za Møller na moja ya Compton, kuupima mwale wa chanzo kimoja huku wakiizungusha spini hatua kwa hatua kwa kifaa cha uga wa umeme na wa sumaku karibu na chanzo. Kila polarimita iliona wimbi likipanda na kushuka. Kilele cha wimbi kilitoa nguvu za uchanganuzi zikilinganishwa moja kwa nyingine, na mahali pa kilele palitoa jumla ya mzunguko wa spini, hivyo nishati ya mwale. Polarimita zenye kanuni tofauti zina makosa tofauti: Mott inahofia unene wa dhahabu, Møller inahofia usumaku wa chuma, Compton inahofia mwanga na upimaji wa nishati. Hakuna sababu ya makosa hayo kuelekea upande mmoja. Zikikubaliana, makubaliano hayo yana uzito ambao polarimita moja haiwezi kuupata hata ikipimwa mara elfu; zisipokubaliana, umeokolewa kutoka kwenye kosa ambalo usingelijua.

Jaribio la CREX la Jefferson Lab, lililopima kiini cha kalsiamu 48 mwaka 2020, lilipata kwa Compton kosa la asilimia 0.36, na kwa hilo likaipita rekodi ya SLD iliyodumu zaidi ya miongo miwili. Mbinu yake ilikuwa ya kujumlisha nishati yote ya fotoni badala ya kuzihesabu moja moja, kwa kuwa kuhesabu kunahitaji kuamua ni ishara ndogo kiasi gani ihesabiwe, na uamuzi huo ni chanzo cha makosa kwenye nishati ya chini. Jaribio linalofuata hapo hapo, linaloitwa MOLLER, linakusudia kupima asimetria ya takriban sehemu 33 kwa bilioni kwa kosa la 0.8. Upolarishaji umetengewa asilimia 0.4, na mpango ni kuufikia kwa polarimita za Compton na za Møller kwa wakati mmoja.

Kule Mainz, Ujerumani, kichapuzi cha MESA kimekusudiwa kuendesha jaribio la P2 kwa mwale wa MeV 155. Kwenye nishati ndogo kama hiyo asimetria ya Compton haina nguvu, hivyo wazo ni kuirudia Møller bila chuma: shabaha iwe atomu za haidrojeni zilizonaswa kwenye uga wa tesla kadhaa kwa jotoridi la sehemu ya kelvini moja, ambako spini za elektroni zake karibu zote huelekea upande mmoja. Haidrojeni ina elektroni mmoja tu, kwa hiyo athari ya Levchuk karibu haipo, upolarishaji wa shabaha hauhitaji kukadiriwa kutoka kwenye usumaku, na gesi hiyo ni nyembamba kiasi kwamba mwale unaweza kupita jaribio likiendelea. Ugumu wote umehamia kwenye kuinasa na kuihifadhi haidrojeni ya atomu moja moja, ambayo hupenda kuungana mbili mbili mara inapopata nafasi, tena huku mwale wenye mkondo mkubwa ukipita katikati yake. Nikipewa nafasi ya kuchagua ugumu, ningechagua huu kuliko ule wa chuma, kwa sababu atomu zilizopotea zinaweza kuhesabiwa, ilhali elektroni 24 za chuma zisizo na upolarishaji haziwezi kuondolewa kamwe.